Vichochoro vya Matete

Masanduku ya panya yalipofika Kindu kwa treni kutoka kusini, wagonjwa wote wa lazareti, hospitali ya malale, waliokuwa na nguvu ya kusimama walitoka kuyatazama. Walisogea, wakarudi nyuma, wakasogea tena. Panya walikuwa weupe pee, macho mekundu, mikia ya rangi ya nyama mbichi. Mzee mmoja alitema mate chini. Philomène, mwanamke ambaye hata malale hayakuweza kumfunga mdomo, alisema kwa sauti kwamba Wazungu sasa wanaleta mpaka panya wao, kana kwamba wa hapa Maniema hawajui kuiba mpunga. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea tena.

Victorine hakucheka wala hakurudi nyuma. Kizimba kimoja kilikuwa kimeachia waya njiani, na panya wake ametoka, amekaa juu ya sanduku akijisafisha masharubu. Victorine alinyoosha mkono, akamshika kama anavyoshikwa kifaranga, akamrudisha ndani na kuukunja waya vizuri. Kisha akapangusa kiganja kwenye kikwembe chake na kusimama palepale alipokuwa.

Muuguzi Célestin alimwona.

"Mama Claire, wewe hauogope?"

Victorine aliliwaza swali lile. Alitafuta woga ndani yake, hakuupata. Alitafuta kitu kingine chochote, nacho hakukipata.

"Hapana," alisema.

Ndivyo alivyopata kazi katika nyumba ya panya.

Alikuwa mwanamke wa Alunguli, ng'ambo ya mto, mke wa Kitenge aliyekuwa mpakiaji wa kuni kwenye meli pale bandarini. Malale yalimpatia shambani, katika mpunga wa karibu na maji, ambako mbung'o hawahesabiki. Kwanza kiliuma kichwa. Ikafuata homa ya kuja na kuondoka, halafu usingizi wa mchana. Alisinzia akipepeta mchele. Alisinzia amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, na ndoo haikuanguka. Mama mkwe wake alidhani ni uvivu, baadaye akadhani ni kurogwa. Kitenge hakudhani kitu. Alimpakia kwenye mtumbwi, akamvusha, akampeleka lazareti akimshika mkono kama anayemwongoza kipofu.

Huko alichomwa sindano za mgongo, na sindano za mkono zenye dawa iliyopita kwenye mishipa ikichoma kama pilipili. Wagonjwa wengine walitoka katika dawa ile wamepofuka. Wengine hawakutoka. Victorine alitoka. Dokta alitazama maji ya mgongo wake kwenye hadubini na kutangaza kwamba amepona, na kweli usingizi ulikwisha. Alikula, alitembea, alikumbuka majina ya watu. Lakini usingizi ulipoondoka uliondoka na kitu, na kitu hicho hakikuonekana kwenye hadubini.

Aliligundua jambo hilo siku Kitenge alipowaleta watoto. Mdogo, Florentin, alimkimbilia na kumkumbatia miguu. Victorine aliweka mkono juu ya kichwa chake kwa sababu alijua kwamba mama huweka mkono. Mtoto aliinua uso, akamtazama kwa muda, akaiachia miguu polepole. Claire, dada yake, hakusogea kabisa. Alisimama nyuma ya baba yake na kumkodolea macho, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona mtu fulani.

Kila mtu anaujua mguu uliokufa ganzi. Upo, unauona, unaugusa, ila si wako. Victorine alikuwa hivyo mwili mzima mpaka ndani, na tofauti ni kwamba mguu huzinduka.

Mwenye panya alikuwa Dokta Hellemans, Mbelgiji mrefu mwenye shingo nyekundu na shati lililolowa jasho tangu asubuhi. Hakuwa mkali. Kwa watu alizungumza Kiswahili cha maneno machache, njoo, kaa, meza, fungua mdomo. Kwa panya alizungumza lugha ya kwao, kwa sauti ya chini na ya upole ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuisikia kitandani kwake. Alitaka kujua malale yanafanya nini ndani ya kichwa, na kama dawa inarudisha kile ambacho ugonjwa ulichukua. Kwa kazi hiyo panya wengine waliachwa wazima, wengine waliambukizwa, wengine waliambukizwa kisha wakatibiwa.

Nyumba ya panya ilikuwa chumba kirefu nyuma ya lazareti, madirisha yake yamefungwa wavu wa mbu. Upande mmoja vilipangwa vizimba vya waya, kila kimoja na chupa ya maji iliyopinduliwa, yenye mrija mwembamba wa kioo ambao panya aliulamba. Upande wa pili palikuwa na vyombo. Kulikuwa na gurudumu la waya ambamo panya alikimbia bila kufika popote, na kidude kando yake kikihesabu kila mzunguko. Kulikuwa na sanduku la bati lenye kipini: panya akikikanyaga, kengele inalia na punje ya karanga inadondoka. Na katikati ya chumba, juu ya meza, lilikuwapo sanduku kubwa kuliko yote, lile ambalo fundi Abedi, seremala, alilichonga kwa kuufuata mchoro wa dokta. Halikuwa na kitu ndani isipokuwa kuta. Kuta za mbao nyembamba zilitengeneza vichochoro, vingine vinapita, vingine vinaishia ukutani, na juu yake pametandazwa wavu ili dokta aone. Panya aliingizwa upande huu. Upande ule kulikuwa na karanga iliyopakwa mawese.

Kazi ya Victorine ilikuwa kuwalisha panya, kuosha vizimba, kumtia panya mlangoni na kumtoa mwisho. Kila jioni alipitisha kitambaa chenye dawa ndani ya sanduku la vichochoro, kuondoa harufu ya panya wa leo isimwonyeshe njia panya wa kesho. Mkono wake ukaijua njia. Aliweza kuifuata akiwa amefumba macho, kwa maana vile vichochoro visivyo na njia vilimgonga vidole mara nyingi mpaka vikamfundisha.

Panya wazima walikimbia, wakakosea, wakarudi, wakafika. Panya wagonjwa walijikokota na kulala njiani. Waliotibiwa walikuwa na namna yao. Walianza vizuri, wakapinda inapotakiwa kupinda, halafu mahali fulani, karanga ikiwa karibu hata unaona pua zao zinainusa, walisimama. Hawakutafuta njia. Hawakulala. Walisimama tu, mguu mmoja juu.

"Amesahau," alisema Dokta Hellemans, na Célestin akaandika.

Victorine alimtazama yule panya mwenye mguu juu. Hakuona kama amesahau. Hakusema, kwa kuwa hakuulizwa, na kwa kuwa hakuona faida ya kusema.

*

Kitenge alikuja mchana mmoja peke yake, amevaa shati lake la misa. Waliketi kwenye benchi karibu na jiko la lazareti. Alizungumza juu ya mvua, juu ya meli iliyokwama kwenye mchanga, juu ya meno ya Florentin yanayong'oka. Halafu akakuna goti.

"Mama Claire, iko neno," alisema. "Kuna mwanamuke kule nyumbani. Jeanne, yule aliyefiwa na bwana wake, wa nyuma ya kisima. Anapika, anaosha watoto. Mama yangu amechoka, hawezi tena. Sikutaka usikie kwa watu."

"Ndiyo," alisema Victorine.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimesikia."

Kitenge alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Pengine alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Njia nzima kwenye mtumbwi alikuwa akijibu mashtaka ambayo sasa hakuna aliyeyaleta. Alimtazama mke wake usoni, upande huu na upande ule.

"Hauna kitu cha kusema?"

Victorine alitafuta. Alijua kwamba hapa ndipo mwanamke hulia. Aliyaona machozi yale kwa mbali, kama mtu anayeona mvua inanyesha ng'ambo ya mto.

"Anajua kwamba Florentin hali mboga ya sombe yenye pilipili?" aliuliza.

Kitenge aliinuka. Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Ningependa unipige," alisema, akaondoka bila kuaga.

Victorine alirudi kwa panya. Mmoja alikuwa ndani ya gurudumu, na gurudumu limesimama.

*

Mwishoni mwa mvua habari ilienea kwamba mabwana wakubwa wa afya watakuja kutoka Léopoldville, na kwamba Dokta Hellemans anataka kuwaonyesha jambo. Fundi Abedi aliitwa tena. Safari hii hakuletewa mbao. Watu walitumwa mtoni kukata matete, mizigo kwa mizigo, na katika uwanja wa nyuma ya lazareti zikaanza kusimama kuta zilizomzidi mtu urefu. Wagonjwa walitazama kuta zikipinda na kukatana bila paa. Mwanzoni walidhani ni bafu. Siku ya kumalizika, Abedi alijenga pia jukwaa la miti kando yake, lenye ngazi, na hapo kila mtu akaelewa.

"Kumbe sisi njo panya wenyewe," alisema Philomène. Safari hii hakuna aliyecheka.

Célestin aliwakusanya kuwaeleza. Alikuwa kijana wa Lubutu, aliyesomeshwa na mapadri, na siku zote aliyatamka maneno ya dokta kama ya kwake. Siku hiyo aliyatamka akitazama viatu.

"Dokta anasema njo muchezo. Kila muntu aliyepona ataingia peke yake, atafuata njia, atatokea ule upande. Kule mwisho kuna meza. Utapewa chumvi na samaki mukavu. Ndugu zenu wanaruhusiwa kuya kutazama. Anayepita vizuri, kichwa chake kimepona, atarudi kwake. Anayepotea atabaki, tumuangalie zaidi."

Baadaye alimfuata Victorine penye vizimba. "Wewe usiwe na wasiwasi, Mama Claire. Ile ya matete njo ileile ya sanduku. Dokta alimupa Abedi muchoro uleule, alimwambia tu akuze. Wewe unaijua zaidi kuliko mimi. Utapita mbio, utaenda kwa watoto wako."

"Ndiyo," alisema Victorine, akaendelea kujaza chupa za maji.

Siku yenyewe jua lilitoka mapema. Ndugu wa wagonjwa walijaa pembeni mwa uwanja, na kati yao alikuwapo Kitenge na shati lake la misa. Mabwana wawili kutoka Léopoldville walipanda jukwaani pamoja na dokta, wamefunikwa na miavuli. Célestin alisimama kwenye meza ya mwisho na saa mkononi.

Philomène aliingia wa kwanza. Alikuwa akisema peke yake humo ndani, akiyatukana matete, na watu wa nje walifuata sauti yake ikizunguka huku na huku. Alitokea upande wa pili anahema, akanyakua samaki wake na kucheza ngoma fupi mbele ya meza. Watu walishangilia. Hapo ikawa sherehe kidogo. Wengine wawili walipita vizuri, na kila mmoja alipigiwa vigelegele.

Kisha akaingia mzee Onema, yule aliyetema mate siku panya walipofika. Alipita polepole, na baada ya muda nyayo zake hazikusikika. Watu wakangoja. Halafu sauti yake ikatoka katikati ya matete, nyembamba, ikimwita mdogo wake. Waliomjua walijua kwamba mdogo wake alizama mtoni zamani sana. Aliita, akanyamaza, akaita tena, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Vigelegele vilikwisha. Dokta aliinua mkono kuonyesha kwamba asisaidiwe, na mmoja wa mabwana wa Léopoldville alitazama pembeni. Mwishowe Célestin mwenyewe aliingia na kumtoa, amemshika bega. Mzee alikuwa amelowa suruali.

Akaitwa Victorine.

Ndani kulinuka matete mabichi. Kelele za watu zilipungua mara moja, kana kwamba mtu amefunga mlango. Miguu yake ilipinda ilipotakiwa kupinda. Haikusita. Mkono wake wa kulia ulikuwa unateleza juu ya matete kama ulivyoteleza kila jioni juu ya mbao za Abedi, na kila alipofika penye kuchagua, ulikuwa umekwisha kuchagua. Alifika karibu na mwisho. Ilibaki kona moja. Nyuma ya ukuta alimsikia Kitenge akikohoa, kikohozi chake cha vumbi la kuni, ambacho angekitambua popote.

Hapo akasimama.

Nyuma ya kona ile kulikuwa na meza, na nyuma ya meza Kitenge, na nyuma ya Kitenge mtumbwi, Alunguli, mama mkwe, Jeanne na masufuria yake. Kulikuwa na watoto watakaomtazama asubuhi na jioni kuona kama amerudi. Itambidi aweke mkono juu ya vichwa vyao kila siku. Itambidi acheke wanapocheka, tena acheke kwa wakati wake, wasimshtukie. Aliyafikiria hayo bila huzuni, kama mtu anayefikiria mzigo na umbali wa njia.

Kushoto kwake kulikuwa na kichochoro kifupi kisicho na njia. Aliingia humo. Ukuta wake wa mwisho ulikuwa mrefu, ukatupa kivuli. Akaketi chini, akanyoosha miguu.

Juu ya jukwaa dokta aliinama mbele. Watu waliuona uso wake ukibadilika, ila hawakuona anachokiona.

"Nini?" aliuliza Kitenge. "Amepatwa na nini?"

"Tulia," alisema Célestin. "Dokta anasema asiitwe."

"Ameanguka?"

"Tulia, baba. Tungoje."

Walingoja. Jua lilipanda. Dokta alikuwa akiwaeleza wageni wake jambo kwa Kifaransa, akinyoosha kidole chini. Kitenge alikitazama kile kidole, akamtazama Célestin, akamtazama mzee Onema aliyeketi chini akitetemeka. Kisha akairuka meza, samaki wakatawanyika, akaingia kwenye matete kwa mlango wa kutokea.

Alikuwa mtu mzima, mwenye afya, asiyewahi kulazwa hata siku moja. Alipotea hapohapo. Pale kwenye kona ya kwanza alikata upande usio wake, akaingia vichochoro vya katikati, akaanza kuzunguka. Watu walimsikia akigonga kuta na kutukana, na kicheko kikarudi uwanjani, kikubwa kuliko cha kwanza, kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa.

"Bwana naye mumuchome sindano!" alipaza sauti Philomène.

Victorine alisikia yote. Alimsikia mumewe akipita upande wa pili wa ukuta, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, halafu akienda mbali, halafu akirudi. "Mama Claire! Mama Claire!" Sauti ilikuwa imepasuka. Sasa alikuwa kwenye njia panda ya kati, na Victorine, kwa kusikia nyayo tu, alijua kwamba anaelekea kulia tena, kulekule alikotoka.

Kitu kilimwasha. Kilikuwa kidogo, kama chawa kwenye mshono. Alikuwa na hakika kwamba mtu mwenye akili hawezi kupita kulia mara tatu.

"Si huko," alisema.

Hakuwa amekusudia kusema. Nyayo zilisimama.

"Uko wapi?"

"Rudi nyuma. Njia panda, kamata kushoto. Halafu tena kushoto. Ile pana uiache, haina njia."

Alimwelekeza hivyo mpaka akafika. Kitenge alitokea mlangoni mwa kichochoro, shati limechanika begani, matete yamemchana shavu. Alimwona mkewe ameketi kivulini amenyoosha miguu, macho wazi.

"Umepotea?"

"Hapana."

"Umelala?"

"Hapana."

Kitenge aliteleza chini ukutani, akaketi mbele yake. Alijipangusa damu shavuni. "Nilifikiri umelala tena," alisema. "Nilifikiri imerudi."

Nje kicheko kilikuwa kinaisha. Juu yao, kwenye jukwaa, wale watu watatu waliinama wakiwatazama, na Victorine aliinua macho akawatazama pia, kisha akayashusha.

"Baba Claire," alisema, "mimi sina kitu ndani. Ukinipeleka nyumbani, unapeleka mikono na miguu. Nitapika, nitalima. Kile kingine sina."

"Dokta anasema umepona."

"Nimepona."

Kitenge aliokota jani la tete, akalipasua vipande viwili. "Jeanne, nikimwambia aondoke, ataondoka. Si muntu mubaya."

"Asiondoke. Watoto wamemuzoea. Mimi unipe ile nyumba ya nyuma, ya kuwekea mpunga. Nitalala mule. Watoto wakitaka kuya, waje. Wasipotaka, wasisukumwe. Na wewe usiniulize kila siku kama nimekuwa kama zamani."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu sindano ya kwanza. Yalimchosha, akafumba macho. Kitenge alishtuka, akamgusa goti.

"Sijalala," alisema Victorine.

"Sitauliza," alisema Kitenge.

Walitoka pamoja, yeye Victorine akitangulia, kona moja tu.

Dokta Hellemans alikuwa ameshuka jukwaani. Hakupiga kelele. Alimweleza Célestin kwa Kifaransa kwamba mume ameharibu jaribio, kwamba mwanamke huyu ndiye aliyekuwa muhimu kuliko wote kwa sababu alisimama palepale wanaposimama panya waliotibiwa, na kwamba kesho atarudia peke yake, uwanja mtupu.

"Dokta anasema kesho utaingia tena," alisema Célestin.

"Hapana."

Célestin aligeuka kwa dokta. "Anasema amechoka, Dokta."

Lakini hapana ni neno ambalo Dokta Hellemans alilijua. Alimkabili Victorine na kumtazama, labda kwa mara ya kwanza usoni, si kupima macho yake. Victorine naye alimtazama. Hakuwa na hasira, hakuwa na woga. Hakuwa na chochote ambacho mtu angeweza kukishika na kukikunja. Mabwana wa Léopoldville walikuwa wanangoja chakula chao.

"Aende," dokta alisema kwa Kiswahili chake. "Huyu hapana fanya kazi tena."

Basi aliyekataa akaruhusiwa kwenda nyumbani siku ileile. Philomène, aliyepita mbio na kucheza ngoma, alizuiwa lazareti mwezi mzima, maana dokta alitaka kuona kama siku nyingine atapita mbio zaidi.

*

Victorine alikaa katika nyumba ya mpunga, nyuma ya kwa mumewe. Jeanne alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti nene. Siku ya kwanza alimletea mkeka na taa, akaviweka mlangoni, akaondoka. Baadaye walitwanga pamoja. Mdundo wa michi miwili haudai mazungumzo. Kitenge hakuuliza. Mara nyingine aliketi karibu naye jioni, mdomo wake ukiwa na swali, akalimeza na kwenda kulala. Florentin alizoea upesi, kama watoto wadogo wanavyozoea. Aliingia, akachukua alichotaka, akatoka. Claire alikuwa akipita mbali. Akitumwa kuleta kitu kwa mama yake, alikiweka kizingitini.

Kiangazi, Célestin alivuka mto kuja kuwasalimu. Aliketi uani, akanywa maji, akaeleza habari za lazareti. Dokta amehamishwa, ameitwa Stanleyville. Vyombo vimerudishwa kwenye masanduku, gurudumu na kengele na vizimba vyote, na hakuna ajuaye vitapelekwa wapi. Kuta za matete wagonjwa wamezibomoa wakapikia. Mzee Onema amefariki. Na panya waliobaki walikufa kwa joto ndani ya siku chache, hakuna aliyekumbuka kujaza chupa.

"Wote?" aliuliza Victorine.

"Wote, Mama Claire."

Alisubiri kuona kama habari ile ingemfikia mahali. Aliona chupa zimekauka, mirija ya kioo, ndimi ndogo zikilamba hewa. Ilipita mbele yake, ikaendelea na safari yake. Alimsindikiza Célestin mpaka mtoni na kurudi.

Claire alikuwa ameketi kizingitini mwa nyumba ya mpunga. Alikuwa amesikiliza kila neno.

"Mama, wale panya walikuwa weupe kweli?"

"Weupe kabisa."

"Macho mekundu?"

"Mekundu."

"Wanauma?"

"Hawaumi sana. Mmoja aliniuma." Victorine aliketi na kumwonyesha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ubavuni, chini ya ukucha, palikuwa na kovu jeupe lenye umbo la punje ya mpunga. "Alishika hapa, hakutaka kuachia. Célestin njo alimutoa."

Claire alisogea. Alikitazama kile kidole kwanza bila kukigusa.

"Ulilia?"

"Hapana. Sikusikia kitu. Niliona damu tu."

Mtoto alikunja uso. Lilikuwa jambo ambalo hakulikubali. Alikichukua kidole cha mama yake kwa mikono yake miwili, yenye vumbi la kuchezea, akaweka kucha juu ya kovu na kulifinya kwa nguvu, huku akimwangalia usoni.

"Na hivi?"

Victorine alikitazama kidole. Mahali fulani, mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani, palikuwa na kitu, au hapakuwa.

"Sijui," alisema. "Finya tena."